Zamu ya Kusoma

Wiki ya kwanza ya Desemba, shule za bweni zinapofungwa, barabara za Jinja hujaa magodoro. Hupita yamekunjwa na kufungwa kamba, yamelazwa nyuma ya bodaboda juu ya sanduku la bati lililoandikwa jina la mtoto kwa rangi nyeupe. Sisi wazazi tunaotoka mbali hufika alfajiri na kungoja getini, na kungoja huko kuna mazungumzo yake. Tunaulizana karo itaongezwa kiasi gani, nani amerefuka, nani amekonda. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa wa Walukuba, hapo hapo Jinja, ambaye tulikuwa tumekutana mara mbili tu siku za kutembelea watoto, alifungua mkoba wake akatoa kitabu kilichovalishwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita.

"Nyabo," akaniambia, "huyu wangu alikimaliza kwa siku mbili, akakirudia. Mpe wako. Februari utanirudishia hapa hapa."

Hakunieleza kinahusu nini. Magodoro yetu yalipakiwa kwenye taksi, kama tunavyoiita matatu huku kwetu, tukaagana. Binti yangu alikaa dirishani. Tulipovuka mto Mpologoma alikuwa amefika katikati ya kitabu, na tulipouona ukuta wa Wanale nyuma ya mji wa Mbale alikuwa hasikii tena anapoitwa.

Tangu siku ile nimelifikiria tendo la yule mama kuliko nilivyokifikiria kitabu chenyewe. Wazazi kupendekezeana vitabu ni jambo tunalolisema sana na kulitenda kidogo. Tunasema, "Watoto wasome." Tunasema, "Siku hizi hawasomi, ni simu tu." Lakini kwa mzazi wa Jinja au wa Mbale, jina la kitabu lililotajwa bila kitabu ni kama kuelekezwa kisima kilicho wilaya nyingine. Pendekezo letu, likiwa pendekezo kweli, ni lile ambalo mkono mmoja unalitoa na mwingine unalipokea.

Julai ya mwaka huo huo ndugu yangu aliyeko Uingereza alikuwa amenitumia orodha kwenye simu. Wazazi wa shule ya mwanawe walikuwa wamechagua vitabu 12 vya kusomwa likizo ya kiangazi, naye kwa upendo akanikumbuka. Niliisoma orodha ile mara nyingi. Ilipangwa kwa umri, na chini ya kila kitabu palikuwa na mistari miwili ya mzazi aliyekisoma pamoja na mtoto wake. Mistari hiyo ilinivutia kuliko majina ya vitabu. Huyu anasema mwanawe alicheka mpaka maziwa yakampalia. Yule anashauri sura fulani irukwe ikiwa mtoto amefiwa karibuni. Hayo ni maneno ya watu waliokaa ukingoni mwa kitanda wakasoma hadi mwisho. Niliwaonea wivu, na sioni haya kusema hivyo.

Ila Julai kwetu ni katikati ya muhula wa pili, watoto wako shuleni na wanaamshwa kabla ya mapambazuko. Kiangazi chetu huja Desemba. Mvua hukatika, vumbi la barabara hupanda hadi kwenye kingo za madirisha, na maporomoko ya maji yanayoshuka Wanale hubaki nyuzi nyembamba zilizoning'inia mwambani. Ndio msimu wa kahawa kwenye mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Mtoto wa Bududa au Budadiri akiwa likizoni yuko shambani: anachuma, anamenya, anaanika, analinda kahawa isinyeshewe na mvua ya kushtukiza. Huko Busoga likizo ina miwa na mpunga wake. Kitabu cha likizo huku kwetu hakisomwi ufukweni. Husomwa saa moja jioni, vidole bado vinanukia maganda ya kahawa, kabla taa ya sola haijafifia.

Nilizunguka na orodha ile katika maduka ya vitabu ya mjini Mbale. Ni maduka yenye shughuli, na wenyewe ni watu wakarimu. Yamejaa madaftari, seti za hesabu, Biblia, Misahafu, vitabu vya kiada na vitabu vya maswali na majibu. Katika vile 12 sikupata hata kimoja. Muuzaji mmoja aliisoma orodha yote kwa makini, akanirudishia simu, akauliza kwa upole, "Mama, ni vya darasa la ngapi?" Nikamjibu kwamba si vya darasa. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

Kinachosafiri kwa wingi kati ya wazazi wetu ni pakeji. Asiyekaa Uganda nimweleze: ni bunda la karatasi za maswali, somo kwa somo, zilizobanwa kwa pini, ambalo shule humpa mtoto akalifanye likizoni. Shule ikisifika, pakeji yake hutafutwa na wazazi wa shule nyingine, hupigwa fotokopi, hutembea kutoka mji hadi mji. Mwisho wa darasa la saba kuna mtihani wa taifa, PLE, wenye masomo manne. Alama ya juu katika kila somo ni 1, kwa hiyo anayeng'ara kabisa hupata jumla ya 4. "Agrigeti 4" ni maneno ambayo nimewahi kuyaona yamepakwa rangi ukutani mwa shule, yamepigwa kwenye fulana, na kuyasikia yakitajwa katika sala ya asubuhi. Mzazi anayekukimbilia na pakeji mkononi anakutakia mema. Anajua shule ya sekondari nzuri ina nafasi chache, naye anakupa silaha aliyo nayo.

Sizidharau pakeji, mwenyewe nimezinunua. Lakini nimekaa na watoto wangu wakizifanya, nikaona kinachotokea. Mtoto husoma kifungu cha habari kuhusu mvuvi wa Masese, anafika kwenye swali la kwanza, na mvuvi anakufa hapo hapo. Hakuna anayeuliza kama alirudi nyumbani. Hakuna anayetaka kujua mkewe alisema nini. Mvuvi alikuwepo ili aulizwe maswali kumi, na yakishajibiwa ukurasa unafunuliwa. Mtoto akilishwa vifungu vya namna hiyo miaka saba, huhitimu akiamini kwamba kusoma ni kuhojiwa.

Shule moja, ambayo sitaitaja, ilimnyang'anya mwanangu wa pili kitabu cha hadithi kwa sababu alikutwa anakisoma saa za masomo ya jioni. Sheria ni sheria, na wakati ule haukuwa wa riwaya; hilo nalikubali. Kilichoniuma ni kwamba kitabu hakikurudi, hata muhula ulipokwisha, hata nilipokwenda kukiomba mwenyewe. Nacho hakikuwa chetu. Kilikuwa cha baba mmoja wa Jinja, dereva wa lori la masafa marefu, aliyekinunua Nairobi akiwa safarini. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kukilipia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usilipe, dada. Labda huyo mwalimu ana mtoto nyumbani." Sijasahau neno hilo. Alikuwa bado anapendekeza.

Nilizaliwa Walukuba, katika nyumba za mistari zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo cha Nyanza, Nytil, kilichopata nguvu zake kwenye bwawa la Owen Falls, lile lililozinduliwa mwaka 1954 na siku hizi huitwa Nalubaale. Mstari wetu ulikuwa na Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Walugbara na Wagisu, na uani watoto tulikutana katika Kiswahili, kila mmoja na chake. Nyumba zilikuwa na umeme. Vitabu havikuwepo, isipokuwa kimoja.

Kilikuwa kimojawapo cha vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye. Bibi huyu alizaliwa Uingereza akaishi na kufanya kazi Uganda, na miaka ya 1960 akaanza kuandika visa vya kijana mtundu katika shule ya bweni ya bwana Mukibi. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wa rika langu wanamkumbuka Moses. Nakala yetu ilikuwa mali ya mstari mzima. Haikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Kijana mmoja, mkubwa kwetu kwa miaka mitatu, alikuwa amekisoma kabla hazijang'oka, na yeye ndiye aliyekuwa kurasa za mwisho. Ukifika pale karatasi inapokatika unamfuata bombani anapochota maji, naye anakusimulia mwisho. Nilikuja kukipata kitabu kizima nikiwa mtu mzima. Mwisho ulioandikwa haufanani na ule wa bombani, na mpaka leo nikikifikiria kisa kile, ni ule wa bombani unaonijia.

Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kitabu kimoja kwa watoto ishirini ni aibu ya umaskini tu. Umaskini ulikuwepo. Lakini kitabu chetu kilikuwa na watu waliokijua. Ukicheka peke yako kitandani, kesho yake bombani unajua nani mwingine alichekea pale pale. Mtoto mwenye rafu ya vitabu 100 asiyekuwa na mwenzake hata mmoja wa kumwuliza "Umefika wapi?" anakosa kitu ambacho sisi tulikuwa nacho.

Kabla yetu palikuwa na watu waliolielewa kiofisi jambo hili la kitabu kimoja kupita mikononi mwa wengi. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, nayo mbali na kuchapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili ilipeleka masanduku ya vitabu mikoani na kuazimisha kwa njia ya posta. Sanduku lilikwenda, likakaa, likarudi, likaondoka na vitabu vingine. Uganda ilipata Bodi yake ya Maktaba za Umma mwaka 1964, na Maktaba ya Taifa mwaka 2003. Maktaba za miji, za Jinja na Mbale zikiwemo, zimo mikononi mwa serikali za mitaa. Nimeingia katika zote mbili. Wanaosoma mle wengi ni wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani na watu wazima wanaosoma magazeti. Ninachokitamani ni lile sanduku. Maktaba hungoja mtoto aje, na mtoto wa Bududa mwezi Desemba ana kahawa ya kuchuma.

Ndiyo maana, bila kupanga, wazazi wanne watano tuliozoeana pale getini tukawa tunafanya kazi ya sanduku. Hatuna jina wala mwenyekiti. Kila mmoja huleta alichonacho, na ndani ya jalada la nyuma mtoto anayesoma huandika jina lake la kwanza na mwezi kwa penseli. Sharti ni moja, nalo lilitoka kwa yule mama wa Walukuba: usitoe kitabu ambacho hukukisoma mwenyewe. Mwanzoni niliona ni sharti dogo. Baadaye nikaona ndilo lililotuokoa. Kabla ya hapo mzazi mmoja, mtu mwema sana, alikuwa ametuletea vitabu sita vya maadili, vipya, vinavyong'aa. Katika kila kimoja mtoto asiyetii anapatwa na balaa, na anayetii anapewa zawadi. Vilirudi Februari vikiwa safi kama vilivyotoka. Tulipomwuliza kama alivisoma, alisema aliona majina yake akaridhika. Nadhani wengi wetu hupendekeza hivyo: tunachagua kitabu kitakachomnyoosha mtoto wa mwenzetu, ilhali tukiketi wenyewe tunatafuta hadithi.

Basi vilivyobaki katika mzunguko wetu ni vile ambavyo mtu mzima fulani alichelewa kulala kwa sababu yavyo. Wadogo wana Moses. Wana Hekaya za Abunuwasi, ambazo watoto wa Walukuba huzisoma kwa sauti uani, mmoja akiwa Abunuwasi na mwingine Sultani. Wakubwa, kuanzia sekondari, wana riwaya ya Timothy Wangusa, Upon This Mountain, iliyotoka mwaka 1989. Wangusa ni mtu wa Bugisu aliyekuwa profesa wa fasihi Makerere, na kitabu chake kinamfuata kijana Mwambu anayekua mlimani kati ya mila ya tohara na shule ya wamisionari. Hiki hutolewa kwa uangalifu. Huku kwetu imbalu, ndiyo tohara yenyewe, huchezwa mwaka unaogawanyika kwa mbili, na ngoma zake zikianza Agosti pale Mutoto hakuna kijana anayebaki yule yule. Mama mmoja alimpa mwanawe riwaya hiyo Desemba kabla ya mwaka wake. Aliniambia kwamba kwa miezi mingi walikuwa hawajui waanzie wapi kulizungumza jambo lile. Kitabu kikawaanzishia, wakalizungumza kupitia kwa Mwambu, kana kwamba ni jirani.

Halafu kuna Siku Njema.

Ken Walibora aliitoa mwaka 1996, na kwa miaka kadhaa ilisomwa katika shule za sekondari za Kenya kama kitabu cha lazima. Sisi tuliipokea bila mtihani nyuma yake, na huenda ndiyo maana tuliipenda. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama, anateswa, anaondoka kumtafuta baba yake, na safari inamfikisha Kitale. Mtoto wa Mombasa akisikia Kitale anasikia bara, mbali. Mtoto wa Mbale akisikia Kitale anageuka kuutazama mlima, kwa sababu Kitale iko upande wa pili wake. Binti yangu alipofika hapo alitoka nje na kitabu mkononi akasimama anautazama Masaba jioni. Aliniuliza kama mtu anaweza kupita juu. Nikamwambia kilele kina mita 4,321, lakini watu wa mpakani wamekuwa wakipita kandokando yake tangu zamani, na ndugu wako pande zote mbili. Akasema, "Kwa hiyo Kongowea alikuwa nyuma ya hapo tu." Katika maisha yangu ya kusikiliza watu wakieleza ubora wa riwaya, sijasikia maelezo niliyoyaamini kuliko hayo.

Walibora alifariki Nairobi Aprili 2020, baada ya kugongwa na gari barabarani. Shule zetu zilikuwa zimefungwa wiki chache tu kabla, mwezi Machi, kwa sababu ya korona. Hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83, kufungwa kwa shule kurefu kuliko kote duniani. Wizara ya Elimu ilichapa masomo ya kusomea nyumbani, redio zikafundisha, na waliobahatika walipata. Lakini nani anaweza kufanya pakeji kwa wiki 83? Watoto wa mtaa wetu waliziacha kabla ya kufungwa huko kutimiza miezi minne. Wengine walikwenda kupasua mawe, wengine kukata miwa, na wapo wasichana ambao darasa halikuwaona tena. Katika nyumba zetu chache vitabu vilizunguka ua kwa ua, kwa kuwa usafiri ulikuwa umezuiwa na Jinja ilikuwa mbali kama ng'ambo. Siku Njema moja ina majina 11 ya kipindi hicho peke yake. Mtoto mmoja wa Namatala, mtaa wa hapa Mbale, jina lake limo mara tatu. Sisemi kitabu kiliwaokoa. Nasema katika kipindi kile ambacho hapakuwa na kengele wala darasa wala mtihani, walikifuata wenyewe, na mpaka hapo sikuwa na hakika kama wangekifuata.

Lugha nayo ilikuwa na mgogoro wake. Mama mkwe wangu anaishi mlimani, karibu na Budadiri, na Kiswahili alikijua kwanza miaka ya 1970 kwenye vizuizi vya barabarani. Kwake kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza unatoka wapi. Alikisikia tena mwaka 1979, majeshi yalipopita wakati wa vita. Serikali imekitambua katika Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini uamuzi wa Kampala haufiki peke yake kwenye moyo wa mama aliyelala porini kwa kuikimbia lugha. Nilipompelekea wajukuu likizo na Abunuwasi ndani ya begi, alikishika kitabu, akakirudisha juu ya meza, akasema nyumba yake ina Lumasaba na inatosha.

Mwanangu mdogo hakusikia, au alisikia akasahau. Alikisoma barazani kwa sauti wakati wanachagua kahawa mbovu kwenye mkeka. Siku ya pili bibi alimrekebisha neno. Siku ya tatu alimwambia arudie kile kisa. Nilipokwenda kuwachukua mwishoni mwa Januari, bibi alikuwa anamsimulia jirani kisa hicho kwa Lumasaba, amekigeuza, Sultani amekuwa chifu wa kaunti, na punda amebaki punda. Kiswahili chenyewe bado hakisemi. Lakini aliniuliza kama kitabu kile kina ndugu.

Najua hapa mtu ataniuliza: na vitabu vya Lusoga je, vya Lumasaba je? Swali ni la haki na linaniumiza. Tangu mwaka 2007 mtaala unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini sisi wazazi wa mjini ndio tunaolipia shule zinazoanza na Kiingereza tangu chekechea, kisha tunashangaa hakuna anayechapa hadithi kwa lugha za mama zetu. Mchapishaji hawezi kumchapia mnunuzi asiyekuwepo. Katika mzunguko wetu viko viwili tu vya Lusoga, vyembamba, na vimesomwa mpaka pini zimelegea. Kingekuwepo cha Lumasaba cha mtoto wa miaka kumi, kisa kirefu chenye mwanzo na mwisho, ningekuwa wa kwanza kukinunua, na ningenunua nakala nne. Mwandishi wa Mbale unayesoma hapa, hiyo ni ahadi.

Nimebakiwa na jambo moja, na nalisema kwa mtu mmoja ingawa simjui.

Ile nakala yetu ya Siku Njema ilikuwa Namatala usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito ilipofurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Nyumba ilimokuwa iliingiwa na maji hadi magotini. Wenyewe walinusurika, namshukuru Mungu, na walipokuwa wakitoa matope walikikuta kitabu chini ya kitanda. Walikianika juani pamoja na nguo, ukurasa kwa ukurasa. Tangu hapo kimevimba hakifungiki, kingo zake zina rangi ya chai, na kimefungwa mpira wa baiskeli. Majina yaliyo ndani ya jalada la nyuma yamefifia lakini yanasomeka. Desemba iliyopita nilimpa mzazi mmoja pale getini Jinja, naye akampa mwingine aliyekuwa anapanda taksi ya Iganga, na hapo ndipo tulipopoteza nyayo zake.

Ikiwa kiko kwako, usione haya kwa kuchelewa. Mtoto wako akimaliza, aandike jina lake kwa penseli chini ya hayo mengine, kisha mpe dereva yeyote wa taksi ziendazo Mbale akiache katika paki ya taksi kwa jina la "kitabu chenye mpira". Kila mtu pale anakijua. Shule zinafunguliwa Februari, na kuna msichana wa miaka kumi na mitatu, Namatala, ambaye zamu yake imefika.